Tupeane uzoefu: vyuma vya mazoezi nyumbani vilikula makuta (pesa) yako kiasi gani?

Mwana Birere (Goma)
Jana nimepita mbele ya duka moja huku Birere, nikaona altere (vyuma vifupi vya kunyanyua kwa mkono mmoja) mbili za kilo 10 zimepangwa mlangoni. Nikauliza. Dola 70 zote mbili. Yaani kila kilo ya chuma ni dola tatu na nusu! Nilikumbuka mara ya kwanza nilipotaka kufanya mazoezi nyumbani: niliingia na dola 60 nikiamini nitatoka na bare (chuma kirefu cha kushika kwa mikono miwili), diski za kuvisha pembeni na benchi, nikatoka na altere moja ya kilo 12, nayo ikanifanya mkono wa kuume mnene kuliko wa kushoto kwa miezi minne. Mlionunua, mlilipa ngapi? Na msiseme bei ya duka tu. Semeni na ya njiani.

Papa Mapacha (Ndosho)
Ya njiani ndiyo yenyewe.

Mukubwa Katuba (Lubumbashi)
Mimi niliibiwa kwa namba, na niliisoma mwenyewe kwa macho yangu.

Kulikuwa na muuzaji wa vitu vilivyotumika vinavyokuja kwa kontena. Alikuwa na diski nne, kila moja imeandikwa 45. Akasema anauza kwa kilo, dola mbili kilo. Hesabu ni nyepesi: 45 mara nne ni 180, kwa hiyo dola 360. Ilikuwa akiba yangu ya miezi saba. Nilikodi teksi, nikatafuta vijana wawili wa kunisaidia kushusha. Mmoja akaishika diski kwa mkono mmoja, akaipeleka ndani huku anaongea na simu. Moyo wangu ukashtuka papo hapo. Kilo 45 huwezi kuibeba hivyo ukiongea.

Nikaipeleka kwa mama anayeuza unga pale jirani, tukaiweka kwenye mzani. Kilo 20 na kidogo. Kumbe 45 ni ratili, vipimo vya Marekani. Pembeni kulikuwa na LB, kutu imeifunika. Nililipa kilo 180, nikapewa 82 hata hazijatimia. Niliporudi, muuzaji alinionyesha ile 45 akaniambia, "Si umesoma mwenyewe?" Usiku ule sikulala.

Na bado. Tundu la diski zile ni milimita 50. Bare yangu ilikuwa ya 28. Zinacheza kama bangili kwenye mkono wa mtoto. Ikabidi fundi wa sudure (kuchomelea vyuma) aniongezee bomba kila upande, dola 25 nyingine. Mtu akitaka kununua, apime tundu kabla ya kitu chochote.

Kasuku wa Kamalondo
Pole sana kaka. Mimi pia nilinunua ya 35, kumbe ni kilo 16.

Dada wa Nyawera (Bukavu)
Huku kwetu shida ni mlima. Nilinunua bare na diski, jumla kilo 60, dola 150, nikaona nimepata bei nzuri. Gari halifiki kwangu, ni ngazi na udongo tu, na ilikuwa imenyesha. Mama wawili wabebaji wakanifuata, wakafunga mzigo na kamba kwenye paji la uso kama wanavyobeba siku zote, wakapanda. Nililipa franka 8,000 kwa wote wawili. Mmoja alipofika juu aliketi, akaniuliza hivi vyuma ni vya kazi gani. Nikamwambia ni vya kunyanyua, ili nipate nguvu. Akaniangalia muda mrefu, hakusema neno. Mpaka leo nikishika ile bare namkumbuka.

Mzee wa Bagira
Dada, samahani, lakini hilo si jambo la kusimulia. Unamlipa mama wa watu abebe chuma mlimani ili wewe upate misuli? Ungebeba mwenyewe diski moja moja. Hayo ndiyo mazoezi.

Dada wa Nyawera
Papa, nimeyasema kwa sababu yananiuma.

Mama Furaha (Kadutu)
Mzee, mama yangu alibeba mizigo sokoni Kadutu miaka kumi, ndiyo iliyonisomesha. Ungemwambia mteja abebe mwenyewe, sisi tungekula nini siku ile? Kosa si kumpa kazi. Kosa ni franka 8,000 kwa kilo 60 mlimani. Hiyo ndiyo bei ya aibu.

Mzee wa Bagira
Kwa hilo la malipo nakubali. Lakini ningebeba mwenyewe.

Jirani wa Buhene (Goma)
Nilikuwa nasoma tu, ila mmenikumbusha.

Vyuma vyangu vimo chini ya mwamba. Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, jioni, nilikuwa uani nafanya mazoezi. Mke wangu akaniita, nikamjibu angoje nimalize. Akaita tena kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Nikainua macho: upande wote wa Nyiragongo, mlima wetu wa volkano, mbingu ni nyekundu.

Altere zile nilizinunua kwa mwaka mzima, moja moja, nikiuza muda wa maongezi barabarani. Dola 110 kwa jumla. Akili ya binadamu wakati ule siielewi. Mke akabeba mdogo mgongoni na karatasi za nyumba. Mimi nikatia altere mbili za kilo 10 kwenye mfuko, nikaubeba begani. Mkubwa wetu wa miaka minne nikamshika mkono, akawa anatembea. Barabara imejaa watu, magodoro, mbuzi, pikipiki, kila mtu anaita jina la mtu wake. Mtoto akaanguka mara mbili. Mara ya tatu mke akageuka akaniuliza, "Baba Amani, umebeba nini?"

Sikuwa na jibu. Niliuweka mfuko kando ya barabara, nikamnyanyua mwanangu, nikatembea naye mpaka Petite Barrière, kwenye mpaka wa Rwanda.

Niliporudi Buhene, nyumba haipo. Ni mawe meusi, bado yanatoa moshi. Bare niliyoiacha imesimama ukutani ilitokeza kama shubiri moja juu ya mwamba. Vingine vyote vimezama.

Papa Mapacha
Mungu wangu.

Mwana Birere
Ndugu yangu. Nilikimbilia Sake siku zile, najua barabara hizo. Mfuko uliukuta?

Jirani wa Buhene
Hapana, na sikuutafuta. Aliyeuokota umsaidie.

Kijana Himbi
Kaka, mtoto alikuwa kilo ngapi?

Mama Furaha
We kijana, hayo ni maswali?

Jirani wa Buhene
Mwache mama. Kama 15 hivi. Mwepesi kuliko mfuko.

Kijana Himbi
Nisamehe kaka. Mimi sijawahi kununua chuma. Natia mchanga kwenye bidoni (dumu). Bidoni ya lita 5 ikijaa mchanga mkavu ni kilo 8 hivi, ukiulowesha inazidi. Bure kabisa.

Kasuku wa Kamalondo
Mchanga unahama ukinyanyua, utaumia bega. Mimina saruji kwenye makopo ya rangi. Lita 4 inakaribia kilo 10.

Papa Mapacha
Si huku Goma. Kokoto zetu ni za volkano, zina matundu, zege linakuwa jepesi. Kopo langu la kulia na la kushoto yalitofautiana karibu kilo mbili. Pima kwanza. Na ulikaushe wiki tatu au nne. Mimi nilifanya haraka, likapasuka likanidondokea mguuni.

Mukubwa Katuba
Huku tunatumia vyuma chakavu, bei ni nafuu sana kuliko dukani. Lakini kipande cha reli usikiguse hata kikiwa cha bure. Kimeng'olewa mahali treni inapita.

Mzee wa Bagira
Hilo nakuunga mkono. Nyongeza: ukilala kwenye benchi peke yako, usifunge diski kwa vifungio. Bare ikikulalia kifuani, unaiinamisha upande mmoja, zinamwagika.

Kasuku wa Kamalondo
Mimi nasema funga! Zikimwagika upande mmoja, bare inaruka upande wa pili, itakuvunja uso. Usisukume peke yako, basi.

Dada wa Nyawera
Mimi nafanya na dada yangu. Na yule mama nilimtafuta wiki iliyopita, nikampa kilichopungua.

Mwana Birere
Asanteni. Leo nilirudi dukani, nikaomba zile altere zipimwe kwenye mzani wa muuza maharage. Zimeandikwa 10, moja ni kilo 8 na nusu, nyingine 9. Mwenye duka akashuka mpaka dola 55. Sijalipa bado, narudi kesho.

Papa Mapacha
Nenda na noti nzima. Ikichanika hata kidogo pembeni, hawaipokei.