Paka wangu anajikuna kutwa kucha, na kiroboto simwoni

Chausiku88: Wakuu, habari za saa hizi. Nina paka jike, hatoki nje kabisa. Siku hizi anajikuna kutwa kucha, na akiacha kujikuna anajilamba. Mgongoni karibu na mkia manyoya yamekatikakatika, ukipapasa unahisi vipele vyenye magamba. Kula anakula, kucheza anacheza. Shida ni nini?

Mtemi: Viroboto hao.

Chausiku88: Mkuu, nimempekua mwili mzima, sijaona hata mmoja.

Bi_Zuhura: Hilo lisikudanganye, mdogo wangu. Paka anajilamba sana, viroboto wengi anawameza, kwa hiyo tafuta kinyesi chao. Mchane pale karibu na mkia kwa kitana chenye meno ya karibukaribu, vile vichembe vyeusi vidondoshee kwenye karatasi nyeupe iliyolowa. Vikichuja rangi ya kutu, hiyo ni damu aliyonyonya kiroboto. Visipochuja ni vumbi tu. Halafu kuna paka wenye mzio wa mate ya kiroboto, hao wakiumwa kidogo tu wanawashwa siku nyingi. Na kutotoka nje si kinga, wadudu wanaweza kuingia na nguo zako.

Kipanga: Nakubaliana na Bi Zuhura, ila usiache kuangalia masikio. Akiyakuna na kutikisa kichwa, na ndani kuna uchafu mweusi kama machicha ya kahawa, huo ni utitiri. Mabaka ya mviringo yasiyo na manyoya yanaweza kuwa fangasi, na hao hata wewe wanakupata. Anayejikuna zaidi kichwani na shingoni, shuku mzio wa chakula. Hapo daktari humpa protini ambayo hajawahi kuila, hiyo peke yake kwa wiki 8 hivi, bila kudokoa kingine. Kusema kweli watu wengi wanashindwa hapo kwenye kudokoa.

Dogo_Salu: Mbona rahisi, mpake dawa ya viroboto ya mbwa, kidogo tu.

Bi_Zuhura: HAPANA! Dawa nyingi za mbwa zina permethrini, sumu ya kuulia wadudu. Mwili wa paka hauwezi kuivunja, anaanza kutetemeka, anaingia degedege, anaweza kufa. Salu, futa hiyo kabla mtu hajaifuata.

Dogo_Salu: Samahani bibi, sikujua.

Chausiku88: Nimechana. Karatasi imechafuka rangi ya kutu!

Mtemi: 😎

Bi_Zuhura: Basi mpeleke kwa daktari wa mifugo, ampime uzito ndipo ampe dawa ya paka, ile ya kudondoshea shingoni au ya kumeza. Kama una mnyama mwingine ndani, naye atibiwe hata kama hajikuni. Kazi kubwa iko kwenye nyumba: viroboto walio mwilini ni sehemu ndogo, mayai yanadondoka anapolala na mabuu yanajificha kwenye zulia na nyufa. Fua matandiko yake kwa maji ya moto, fyonza vumbi mara kwa mara mpaka chini ya makochi. Mabuu waliojifungia ndani ya vifukofuko ili wageuke viroboto, dawa haiwafikii vizuri, na wanaweza kukaa humo miezi. Kwa hiyo ukiona wapya wiki zijazo usiseme dawa imegoma, endelea nayo kila mwezi kama daktari atakavyosema.

Kipanga: Na hapo mgongoni pakianza kutoa majimaji, mwambie daktari. Vidonda vya kujikuna huingia bakteria, dawa ya viroboto peke yake haitatosha.