Nakaribia kununua simu iliyotumika: nikague nini kabla ya kutoa fedha?

Muulizaji

Habari zenu ndugu zangu. Nataka kununua iPhone iliyotumika miaka mitatu kutoka kwa mtu nisiyemfahamu, na tumekubaliana tukutane ili niione. Picha alizonitumia zinaonyesha simu safi isiyo na mkwaruzo hata mmoja, lakini mwaka jana nilinunua simu iliyong'aa vivyo hivyo, na siku ya nne ikajifunga na kuonyesha ujumbe kwamba imepotea na mwenyewe anaitafuta. Aliyeniuzia hakupatikana tena. Sitaki kurudia kosa hilo. Naomba mnieleze nikague nini, na nianze na lipi. Muuzaji anasema pia kwamba betri ilibadilishwa hivi karibuni. Je, hilo ni jambo la kufurahia au la kutilia shaka?

Mchangiaji wa kwanza

Pole sana ndugu. Simu ile haikuharibika, bali ilikuwa bado mali ya mtu mwingine, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanapoumia kwa sababu macho yao yako kwenye kioo na mkwaruzo. Tangu toleo la 7 la iOS, yaani mfumo unaoendesha iPhone, lilipotoka mwaka 2013, iPhone inaweza kufungamanishwa na akaunti ya mwenyewe, na kumbukumbu ya kifungo hicho hukaa kwenye seva, yaani kompyuta kuu, za Apple, si ndani ya simu, kwa hiyo hata simu ikifutwa kabisa itadai nenosiri lile lile inapowashwa upya. Simu za Android nazo zilipata kinga ya namna hiyo kuanzia toleo la 5.1 la mwaka 2015.

Kwa hiyo muuzaji mwenyewe aondoe akaunti yake mbele yako, kisha aifute simu, nawe uiwashe ikiwa imeunganishwa na intaneti na uendelee mpaka uingie kwa akaunti yako. Ukurasa wa kwanza wa makaribisho si ushahidi, maana kufuli hujitokeza hatua chache baadaye. Fedha zibaki mfukoni mpaka hapo.

Baada ya hilo, piga *#06# upate IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenye tarakimu 15, uilinganishe na ile iliyo kwenye mipangilio ya simu na kwenye boksi kama lipo. Kisha weka laini yako na upige simu kweli, kwa sababu simu iliyozuiwa baada ya kuripotiwa kuwa imeibwa huweza kufanya kazi vizuri kwa Wi-Fi huku ikikataliwa na mtandao wa simu. Muulize pia kama aliinunua kwa mkopo na kama amemaliza kulipa, kwani baadhi ya wakopeshaji huifunga simu kwa mbali malipo yanaposimama.

Mchangiaji wa pili

Nakubaliana na mwenzangu, ila mpangilio ningeugeuza. Ni vigumu kumtaka mtu afute simu yake wakati wewe hujaamua kununua. Kagua mwili wa simu kwanza, na ukiridhika ndipo aifute, na ikishaingia kwenye akaunti yako ndipo ulipe.

Kuhusu betri, usifurahi wala usishtuke, hakikisha. iPhone yenye iOS 15.2 au toleo la baadaye huonyesha, kwenye ukurasa wa taarifa za simu ndani ya mipangilio, kama betri imebadilishwa na kama iliyowekwa ni halisi. Apple husema kwamba betri za iPhone 14 na zilizotangulia zimeundwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 500 kamili ya chaji, na kuanzia iPhone 15 mizunguko hiyo ni 1000. Simu ya miaka mitatu inayoonyesha uwezo wa betri wa asilimia 100 bila kumbukumbu yoyote ya kubadilishwa betri ingenifanya niulize maswali mengi. Itazame pia kwa ubavu: kioo kikiwa kimeinuka hata kidogo, huenda betri imevimba, na simu ya namna hiyo usiichukue kwa bei yoyote, kwa sababu betri ya lithiamu iliyovimba inaweza kushika moto.

Kisha fungua ukurasa mweupe mtupu, ongeza mwanga hadi mwisho, utafute vivuli vya picha za zamani vilivyoganda. Chomoa kitrei cha laini umulike ndani ya tundu lake kwa tochi. Kwenye iPhone nyingi kuna alama ndogo ambayo huwa nyekundu ikiwahi kuguswa na maji. Jirekodi sauti, jaribu kamera zote, na chomeka chaji. Utambuzi wa uso usipofanya kazi, usikubali kuambiwa kwamba ni jambo dogo, kwani ni miongoni mwa hitilafu ngumu kutengeneza.

Muulizaji

Nawashukuru sana. Nimemweleza muuzaji kwamba tutaifuta simu pamoja, naye akajibu kwamba amesahau nenosiri la akaunti, lakini yuko tayari kunipunguzia bei. Niendelee?

Mchangiaji wa kwanza

Hapana, usiendelee. Mwenye simu halali akisahau nenosiri anaweza kulirejesha mwenyewe kwa kutumia namba yake ya simu, na hata akishindwa, Apple hupokea maombi ya kuondoa kufuli kutoka kwa mwenye uthibitisho wa ununuzi. Kazi hiyo ni yake, na aifanye kabla hujatoka nyumbani. Punguzo halikusaidii chochote ikiwa simu haitafunguka.

Muulizaji

Nimemwandikia kwamba tutaonana atakapokuwa amelirejesha nenosiri. Ameusoma ujumbe, na mpaka sasa hajajibu. Nimeanza kutafuta simu nyingine.