Wauza spea za laptopu mtandaoni, mnatuuzia picha!

Mafundi wenzangu wa Arua, Koboko, Yumbe, Gulu, huku kaskazini mwa Uganda, na nyinyi mlioko Kampala, nimechoka na sitanyamaza tena. Sisi tunaotengeneza laptopu za zamani hatuna duka la spea hapa mjini, kwa hiyo tunaagiza mtandaoni. Na huko tunaibiwa mchana kweupe. Picha ni ya kitu kimoja, mzigo unaoshuka kwenye basi ni kitu kingine, na pesa umeshaituma kwa simu.

Nianze na betri. Muuzaji mmoja wa Kampala aliniuzia betri ya laptopu ya ThinkPad T430, seli 6, imeandikwa orijino, mAh 7800 (mAh ni kipimo cha chaji betri inayobeba). Hebu pigeni hesabu. Ndani ya betri hiyo kuna seli za 18650, yaani vijibetri vya mviringo, zimepangwa mbilimbili sambamba, jozi tatu mfululizo, na kwa mpangilio huo mAh za betri nzima ni za jozi moja tu. Ili ifike 7800, kila seli ibebe mAh 3900. Seli nzuri za kawaida za ukubwa huo zinaishia 3500 au kupita kidogo tu. Yaani uongo umechapishwa kwenye lebo na mtu anauza bila haya! Nikaiweka kwenye mizani. Seli moja ya kweli ina gramu 45 hivi, sita ni kama gramu 270 kabla hujahesabu plastiki na saketi. Hii niliyoletewa, na ganda lake lote, haikufika hapo.

Halafu mashine yenyewe ikaikataa. T430 na X230, zote za mwaka 2012, zinaikagua betri, na zisipoitambua zinakuandikia kwenye kioo kwamba haikubaliki na haitachajiwa. T420 iliyotangulia haina kizuizi hicho. Anayeuza betri hizi kila siku analijua jambo hili, lakini tangazo lake linazitaja T420 na T430 pamoja na halionyi kitu. Nilipompigia simu akaniambia mashine yangu ndiyo mbovu, akakata. Mwenye mashine ni mwalimu, anaandika mitihani ya shule nzima humo. Umeme wa huku mnaujua. Laptopu isiyo na betri ikizimika, kazi ya usiku mzima imepotea, na anayelaumiwa ni fundi.

Vioo navyo ni hivyo hivyo. Wanakuuliza inchi tu. T430 ni inchi 14 na T440 ni inchi 14, lakini ya kwanza inatumia kiunganishi cha pini 40 na ya pili pini 30, wala haviingiliani. Ukiwaomba namba iliyo nyuma ya kioo wanakutumia picha ile ile ya tangazo. Kibodi sizungumzii sana, nina ya Kijerumani hapa, Z imekaa mahali pa Y. Nani Arua ataitumia?

Kinachoniuma zaidi ni vifaa vya kazi, kwa sababu kifaa kibovu kinaua mashine ya mtu. Niliagiza kutoka China ile mashine ndogo ya kusomea na kuandikia chipu ya BIOS (programu inayoiwasha laptopu), inaitwa CH341A. Tangazo lilisema volti 3.3, salama. Nikaletewa ile bodi nyeusi. Kabla sijaigusisha na chipu yoyote nikaipima kwa mita: umeme wa kuendeshea chipu ni 3.3 kweli, lakini nyaya za data zinatoa karibu volti 5! Chipu nyingi za laptopu zetu ni za volti 3.3, na kwenye mashine za karibuni kuna za 1.8. Fundi kijana asiye na mita anaichomeka hivyo hivyo akiamini tangazo, chipu ikiungua, mteja anamwita mwizi. Aliyeuza anakula pesa yake kwa amani. Na bisibisi za Torx T5, zile zenye ncha ya nyota, walizoniwekea humo humo, ncha zimegeuka duara kwenye skrubu za mwanzo.

Ukilalamika unaambiwa rudisha mzigo kwa gharama yako. Kuirudisha China bodi ya bei ndogo vile kunagharimu kuliko bodi yenyewe. Tena mzigo ushuke Entebbe, ulipiwe kodi, upande basi la kupitia Karuma mpaka huku; ukifika, muda wa kulalamika umeshafungwa. Betri ndiyo kabisa. Tangu Aprili 2016 betri za lithiamu-ioni, kama hizi za laptopu, zinazosafirishwa peke yake bila kifaa chake zimekatazwa kwenye ndege za abiria kama mizigo, na wauzaji wanajua, lakini wanapokea pesa kwanza ndipo wakwambie haiwezi kusafiri.

Mimi kuanzia sasa situmi shilingi kwa muuzaji asiyenipa picha ya lebo ya nyuma, namba ya kifaa ikisomeka, na uzito wa betri kwenye mizani. Wa Kampala atume mzigo, niukague kwenye ofisi ya basi, ndipo nilipe. Asiyetaka abaki na takataka zake.

Kama unamjua muuzaji anayekubali masharti hayo, andika hapa ulinunua nini kwake, namba ya kifaa, na kama kinafanya kazi mpaka leo. Na wewe uliyetapeliwa, weka picha ya lebo na gramu ulizopima, mwenzako asinunue hiyo hiyo kesho.