MREJESHO: Kupima bomba la faiba la hipokloraiti bila kulikata (Kigoma)

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza namna ya kukagua bomba la faiba (nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa rezini, aina ya plastiki) la inchi 4 linalopitisha hipokloraiti (dawa yenye klorini) bila kulikata.

Kugonga kwa kinyundo kulifaa mapema: karibu na kiwiko sauti ilikuwa butu, dalili ya ubovu, nikapazungushia chaki. Kwenye altrasaundi (kupima unene kwa mwangwi wa mawimbi ya sauti), proba, yaani kichwa cha kupimia, ya 5 MHz haikurudisha mwangwi wa maana kwa sababu nyuzi hutawanya mawimbi. Ya 1 MHz ilisoma vizuri. Aliyesisitiza kuseti kasi ya sauti kwenye kipimo kwa kutumia kipande cha bomba lilelile ambacho unene wake umepimwa kwa kalipa (kifaa cha kupimia unene) ameniokoa: ukiacha kasi ya chuma, 5,900 m/s, unene unatoka zaidi ya maradufu!

Kilichoshindikana ni maungio. Matabaka yake hayalingani, mwangwi ukapotea. Altrasaundi pia haikuonyesha ulaini wa tabaka la ndani, na hapo ndipo dawa huanza kula. Ilibidi kufungua flanji (maungio ya boliti), kusuuza, kukausha na kupima ugumu kwa Barcol (kifaa kinachobonyeza sindano kwenye uso): sehemu isiyoharibika 36, kiwikoni 18. Kiwiko kimebadilishwa. Vidoa vya sindano ya Barcol vizibeni kwa rezini ileile kabla ya kurudisha dawa.

Maungio bado nayagonga kwa kinyundo tu. Mwenye njia bora aniambie.