Mnaosifia mwisho wa Prison Break, mnasifia mwisho upi? Nina hasira

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu nauandika damu ikichemka, na wasimamizi nawaomba msiuunganishe na ule wa tamthilia bora za muda wote, maana huko ndiko ugonjwa wenyewe ulikoanzia. Kwa mgeni: Prison Break ni tamthilia ya Marekani ya Michael Scofield, anayejifungisha makusudi gereza la Fox River ili amtoroshe kaka yake Lincoln.

Mwezi uliopita nilimpelekea flashi ya GB 64 kijana anayeturushia muvi hapa mtaani. Nikamwambia, mashahidi wapo: niwekee Prison Break yote, kuanzia inapoanza mpaka inapoishia. Akajibu, "Usijali mzee, ipo full." Mama watoto hakuwahi kuiona. Kipindi kile Bongo nzima inaongelea Scofield, yeye alikuwa shule ya bweni kwa masista, hata redio walikuwa wanaibiana. Nikamwahidi kwamba tutaiangalia wote, taratibu, na kwamba nitafunga mdomo wangu nisimsimulie kitu. Nikaufunga kweli. Mwezi mzima nimekaa na siri ya T-Bag, yule mfungwa katili kuliko wote, kama mtu anayeficha ujauzito wa dada yake.

Jumamosi usiku tukafika mwisho wa msimu wa 4. Miaka minne imepita, kaburi, jiwe, jina la Michael Scofield. Mama watoto kanyamaza, machozi yanamlengalenga. Kanigeukia: "Kafaje?" Nikamwambia tulia, jibu linakuja sasa hivi, na ndiyo sehemu itakayokuua kabisa. Nikabonyeza inayofuata.

Ikaja ya 2017, yaani msimu wa 5. Hazikupita dakika nyingi, T-Bag yuko nje ya Fox River na bahasha mkononi, ndani ya bahasha kuna picha, na kwenye picha ni Scofield. Mzima. Ana ndevu.

Mama watoto alinitazama kwa jicho ambalo sijaliona tangu siku niliyosahau kumpokea stendi. "Mbona humu hajafa?" Sikuwa na jibu. Tukazima, tukalala mzungu wa nne.

Sasa twende kwenye hesabu, maana najua humu kuna wajuaji. Msimu wa 1 una episodi 22. Wa 2, 22. Wa 3, 13. Wa 4 una 22 zilizorushwa kwenye televisheni ya Marekani, zikaisha tarehe 15 Mei 2009. Wa 5 una 9. Hizo ni 88, na ndizo zilizokuwa kwenye flashi yangu. Lakini Prison Break ina episodi 90. Mbili zilizobaki, ambazo watu wanaziita The Final Break, ndizo zinazoonyesha Scofield alikufaje. Sara, daktari wa Fox River aliyependana na Scofield, anakamatwa akiwa mjamzito siku ya harusi yao, anatupwa gereza la wanawake Miami, na Jenerali, adui yao wa msimu wa 4, akiwa jela hukohuko anaweka donge nono kwa atakayemuua. Scofield anaingia kumtoa. Mlango wa mwisho haufunguki mpaka mtu ashike umeme. Anaushika yeye. Sara anatoka, yeye anabaki.

Hilo ndilo jibu la swali ambalo tamthilia nzima imelibeba mgongoni. Na wenye mali wakaona vyema kulitoa nje ya tamthilia, walipakie peke yake kwenye DVD, waliuze Julai 2009. Yaani umemfuata mtu miaka minne, umekesha naye, halafu siku ya kufa unaambiwa msiba uko nyumba ya pili na kiingilio ni hela. Wakuu, huu si uhuni?

Na matokeo yake ndiyo haya ninayoyalalamikia. Ukiingia kwenye uzi wowote wa Prison Break humu, mmoja anasema mwisho ulikuwa mzuri ajabu, mwingine anasema mwisho ulikuwa wa kipuuzi, wa tatu anasema Scofield alikufa kwa uvimbe wa ubongo, wa nne anacheka anasema hakufa kabisa. Kurasa 14 za matusi. Hakuna hata mmoja anayeuliza, wewe mwenzangu uliishia wapi? Aliyeishia kaburini aliona damu ya pua halafu jiwe, lazima aseme ugonjwa. Aliyebahatika kupata ile diski aliona umeme. Aliyeanza juzi kwenye simu aliona jeneza halina maiti na akahamia Yemen. Ni watu watatu walioangalia hadithi tatu, wanatukaniana mama zao.

Mimi mwenyewe ni mkosaji katika hili, ngoja niseme. Mwaka 2009 nilikuwa hosteli, chumba cha watu sita, deki moja ya kuchangia. Kulikuwa na jamaa mmoja wa Tanga, mpole, haongei. Siku tuliyomaliza msimu wa 4 nikatangaza kwamba Scofield amekufa kwa ugonjwa wa kichwa, mbivu na mbichi zimejulikana. Jamaa akasema hapana, alikufa kwa umeme gerezani akimtoa Sara. Tulimcheka mpaka majirani wakagonga ukuta. Gereza gani tena wakati wote wameshaachiwa huru? Akasema binamu yake yuko Uingereza, na huko waliiona kwenye televisheni Mei ileile. Tukapiga kura. Watano kwa mmoja. Akahukumiwa kuwa muongo na adhabu ikawa kuninunulia chipsi mayai siku tatu, na akaninunulia, bila kunung'unika. Nimekuja kuiona hiyo Final Break kama miaka miwili baadaye kwa bosi mmoja aliyekuwa na diski halisi yenye boksi. Nilisikia aibu nikiwa nimekaa peke yangu. Tena humo ndani kuna ile video aliyomwachia Sara, anasema hata hivyo alikuwa hana muda mrefu, ugonjwa ulikuwa umerudi. Kwa hiyo hata mimi sikuwa nimekosea sana, lakini chipsi za watu nilizila kwa dhuluma.

Kuna anayesema, "Mkuu, tatizo ni CD zenu za kuchoma, wenye diski halisi hawakuwa na shida hiyo." Hapo sawa kidogo, na hapo ndipo ninapotaka nikae.

Msimu wa 1 halisi ulitoka kwenye diski 6. Episodi 22, kila moja kama dakika 43, ni karibu saa 16. Sisi tuliuziwa saa 16 hizo zimebanwa kwenye DVD moja, tena wakati mwingine misimu miwili, jalada lina picha ya Scofield na nyuma kuna maelezo ya muvi nyingine kabisa ya Jet Li. Sasa fikiria. Nusu ya Prison Break inachezwa gizani. Shimo chini ya chumba cha kupumzikia walinzi, mabomba, kuta za ndani, usiku wa kutoroka. Ukishaibana picha kiasi hicho, giza linageuka kuwa vigae vyeusi vinavyocheza. Tulikuwa tunaangalia viboksi vinatoroka jela. Mtu mmoja pale hosteli mpaka leo anaamini aliyeachwa nyuma kwenye kebo usiku ule ni Sucre, yule aliyelala chumba kimoja na Scofield, kwa sababu hakuona uso wa mtu. Halafu anakuja humu kutoa maoni kwamba uigizaji ulikuwa wa kawaida tu. Uigizaji gani uliouona wewe?

Na hizi za kutafsiriwa ndiyo msiniambie kitu. Naheshimu kazi ya watafsiri, wazazi wetu wameburudika kupitia wao. Lakini Scofield silaha yake ni kunyamaza. Anakaa, anatazama ukuta, anahesabu, na wewe unahangaika naye kichwani anawaza nini. Sasa katikati ya ukimya huo linaingia sauti: "Hapa mshkaji anapanga, anataka kutoboa ukuta, na mtaona atakamatwa na askari mnene." Umeshamaliza kila kitu! Taharuki yote imemwagika kama uji kwenye mkeka.

Kuna jambo lingine ambalo huwa hamlisemi. Marekani msimu wa 1 ulikatishwa mwisho wa Novemba 2005, pale wanapofika chini ya zahanati ya gereza usiku wa kutoroka na kukuta bomba walilokuwa wamelilegeza ili wapite limebadilishwa, jipya, nene, halipenyeki. Wako chini, mpango umekufa, walinzi wanakuja. Ikaishia hapo. Wenzetu walikaa mpaka tarehe 20 Machi 2006 kujua kilichofuata. Karibu miezi minne na bomba rohoni! Sisi tulibonyeza kitufe kwenye rimoti tukaendelea kula karanga. Ndiyo maana nikimsikia mtu aliyemaliza misimu minne kwa wikiendi mbili anasema "ina mambo ya kujirudiarudia," namwelewa lakini simwamini. Ukila pilau sufuria nzima kwa mkupuo, hata iliki utaiona kero. Ilitengenezwa ili usubiri.

Subira pekee tuliyokuwa nayo sisi ni ya umeme. Ulikatika Veronica, wakili wa Lincoln, akiwa amepigwa risasi na Lincoln anasikiliza kwenye simu. Ukarudi kesho yake saa nne asubuhi. Ile ndiyo taharuki bora niliyowahi kuipata maishani na hakuna mwandishi aliyeipanga.

Niwe mkweli pia kwamba nimewahi kumgombeza muuza CD bure. Msimu wa 3, ule wa Sona, Panama, uliishia episodi ya 13. Nikaenda dukani kwake nikamwita mwizi mbele ya wateja, nikamwambia atoe 9 alizoficha. Kumbe waandishi wa Hollywood waligoma, kuanzia Novemba 2007 hadi Februari 2008, na zikatoka 13 tu. Yule bwana alinivumilia. Ndiyo maana safari hii kabla sijaenda kumwakia huyu kijana wa flashi nilihesabu mara tatu, nikaandika kwenye karatasi.

Lakini tukiacha wauzaji, wenye tamthilia nao wanatakiwa kuchapwa. Taharuki inaishi kwa kitu kimoja, kwamba mtu anaweza kufa. Msimu wa 1 na wa 2 niliogopa kweli. Mfungwa mzee Westmoreland alipobaki ndani na kidonda chake nililia, Abruzzi, yule bosi wa mafia, alipoanguka kwa risasi niliduwaa. Halafu wakaanza michezo. Lincoln anafungua boksi, kichwa cha Sara, tunaomboleza, msimu wa 4 unaanza tunaambiwa hakikuwa chake. Kellerman, yule wakala wa serikali aliyekuwa akiwawinda, tulisikia milio ya risasi ndani ya gari, kumbe mheshimiwa anarudi mwishoni kasafi. Mama yao kina Scofield tuliyeambiwa ni marehemu akatokea ndiye adui. Ukifika hapo, mtu akifa hushtuki, unauliza tu anarudi lini.

Kifo cha Scofield pekee ndicho kilichokuwa kimebaki na uzito, kwa sababu alikichagua kwa mikono yake na mlango ulifunguka kwa kifo hicho. Mwaka 2017 wakakifukua. Kumbe alikuwa Sana'a, gereza linaitwa Ogygia, jina kabadilisha. Na mume mpya wa Sara, sitaki hata kumwongelea. Kwa hiyo wale waliotoa hela yao 2009 kununua msiba, msiba wenyewe ukafutwa. Kama wangeniuliza mimi, ningesema iishie kwenye ule mlango, wasiongeze hata sekunde.

Najua mashabiki wa msimu wa 5 wanakuja na mapanga. Karibuni. Ila kabla hujaandika, anza na sentensi moja: nimeangalia 88 au nimeangalia 90. Usipoandika hivyo sikujibu.

Na jamaa wa Tanga, kama bado unaingia humu: chumba namba 12, kitanda cha juu dirishani. Nina deni lako la sahani tatu. Niambie uko mkoa gani.

NYONGEZA, saa 3 usiku: Kuna mkuu kaniambia nimrudie tu kijana nimweleze kistaarabu. Nimeenda na karatasi yangu ya hesabu. Kwanza kabisha, "Mzee, msimu wa 4 zipo 22, hizo mbili umeziota." Nikamwonyesha kwenye simu. Akakuna kichwa, akasema zipo kwenye hard disk nyingine nyumbani, atatuma mdogo wake. Mdogo mtu kaja na flashi, faili mbili, zimeandikwa vizuri kabisa, 23 na 24. Nimemwita mama watoto, kaacha vyombo, kaja na kanga begani kujiandaa kulia.

Nimefungua 23. T-Bag anatoka Fox River, ana bahasha.