Eti "jaribu kuandika taratibu". TARATIBU!!

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka. Yule jamaa wa seva, wote mnamjua, simtaji, kanidhalilisha sasa hivi mbele ya chumba kizima. Namwambia mashine inanikatalia kuingia. Logi hakugusa, swali hakuuliza. Kainama, kanyoosha kidole kimoja, kabonyeza Caps Lock, kawasha, kazima, kisha kwa sauti ya kumfundisha mtoto kuvaa viatu: "Jaribu kuandika taratibu."

Mimi! Nenosiri lile nalitaja hata nikiwa kwenye usingizi wa pono!

Nikaingia kwa root (akaunti ya msimamizi) ya mashine yenyewe, nikapiga getent passwd, amri ya kutafuta akaunti, na jina langu: akaunti hii hapa, inaonekana. Basi inaelekea LDAP, daftari la akaunti kwenye seva, inajibu. Nikapiga kinit, amri ya kuomba tiketi ya kuingia: "Clock skew too great". Saa ya mashine imeachana na ya seva dakika 7! Kerberos, mfumo unaokagua nenosiri na kutoa hizo tiketi, kwa kawaida inavumilia 5, zaidi ya hapo andika taratibu mpaka uote mvi, hupiti. Na nani alizima chronyd, programu ya kulinganisha saa, kila mashine, eti "inajaza logi"? Huyo huyo bwana Taratibu.

Nikamwonyesha. Akatazama skrini. "Sawa, lakini na wewe uwe unaandika taratibu."

Na kile kidole, wakuu. KILE KIDOLE.

Kitufe: Mkuu, kwani ulikuwa unaandika haraka?

Bawabu: Nilikuwepo. Kidole kilikaa hewani kama nusu saa 😂😂

Mleta uzi: @Kitufe potelea mbali.

ShelliKavu: Shukuru wewe unaonewa na saa. Wa kwetu kaweka faillock, kifungio cha wanaokosea nenosiri: ukikosea mara 3, unakaa nje dakika 10. Kukufungulia ni faillock --user na --reset, amri ya mstari mmoja, lakini yeye anakwambia "subiri, utajifunza".

Mama Teminali: Afadhali nyie. Huku nimebadilisha nenosiri, mtandao ulipokatika sssd, programu inayohifadhi nenosiri la mwisho kwenye mashine, ikataka la zamani, uliporudi ikataka jipya. Nikamuuliza, akanijibu niyakariri yote mawili.

Kitufe: Uyaandike taratibu tu.

Kale_na_Kale: Mnalilia sssd? Sisi bado tuko NIS, mfumo wa kizamani wa kugawa akaunti kwa mashine zote. Ypbind, kiungo chake na seva, ikipoteza seva, hata ls -l ya kuorodhesha mafaili inaganda ikitafuta majina ya wenye mafaili. Na ypcat passwd inamwaga heshi (nenosiri zilizofumbwa) za watu wote hadharani.

ShelliKavu: NIS mpaka leo?? Mnalipisha kiingilio cha makumbusho?

Mleta uzi: Jamani, tulikuwa kwenye kidole.

Bawabu: Kidole kimeshapoa mkuu. @Kale_na_Kale hamieni LDAP, UID (namba za watumiaji) mnabaki nazo zile zile.

Kale_na_Kale: UID zipi? Kwetu watu wawili wako kwenye 1004, kila mmoja anafuta mafaili ya mwenzake na wote wanalaumu diski.