"Muuaji hayupo mbele ya mahakama": wakili kafanya kazi yake au tumepigwa?

Mzee wa Kibirizi (mleta mada)
Wakuu, jana kwenye kahawa pale Ujiji tumeachana vibaya, nimekuja mtuamue. Kesi ya Zombe, aliyekuwa mkuu wa upelelezi wa polisi mkoa wa Dar, mnaikumbuka. Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva teksi mmoja waliuawa Dar, polisi wakasema ni majambazi, wamerushiana risasi na askari. Ikaundwa Tume ya Jaji Kipenka, ikaja na habari nyingine kabisa: majibizano hayakuwepo, watu walipelekwa msitu wa Pande wakamalizwa huko. Zombe na askari wenzake wakashtakiwa kwa mauaji. Kesi ikaenda weeee, Agosti 2009 Jaji Massati akamwachia Zombe na wenzake wanane. Sababu kubwa: waliofyatua risasi hasa hawakuwa kizimbani, wakatafutwe.

Swali langu ni moja, msinitoe nje ya mstari. Wakili anayejenga utetezi wake hapo, "sawa, watu wameuawa, lakini aliyeua siye huyu mliyeniletea", anatafuta haki au anatafuta mlango wa uani? Rafiki yangu anasema ni ujanja ujanja tu. Mimi nasema ndiyo kazi aliyolipwa. Kaondoka kwa hasira, na kahawa yake nimelipa mimi.

Mgebuka Mbichi
Si Zombe alikuja kuhukumiwa kunyongwa baadaye? Nakumbuka kabisa, nilikuwa Mwandiga, redio ilitangaza mchana.

Karani Mstaafu
Redio ilitangaza, wewe ndiye uliyesikia nusu. DPP, mkurugenzi wa mashtaka wa serikali, alikata rufaa. Ya kwanza ikaondolewa kwa kasoro ya notisi, wakarudi upya. Septemba 2016 Mahakama ya Rufani ikamwacha Zombe huru. Aliyehukumiwa kunyongwa ni Bageni, aliyekuwa mkuu wa upelelezi Kinondoni. Usimtundike mtu kamba ambayo mahakama haikumpa.

Mgebuka Mbichi
Basi yaishe mzee wangu, shikamoo.

Binti Kasulu
Mleta mada, hoja ya "mfyatuaji hayupo" ikisimama peke yake haina miguu. Soma kifungu cha 22 cha Kanuni ya Adhabu: aliyetenda, aliyesaidia, aliyeshawishi, wote wanahesabika wametenda. Ukiamuru mtu auawe, huwezi kujificha nyuma ya kidole cha aliyevuta kifyatulio akatoroka.

Wakili mjanja hapiganii hapo. Anapigania kamba inayomfunga mteja wake na tukio: nani alimwona, saa ngapi, nani kasema. Na kama anayesema ni mshtakiwa mwenzake, sheria ya ushahidi hairuhusu umtie mtu hatiani kwa maneno hayo peke yake. Kwa hiyo anawaacha washtakiwa watupiane mpira, yeye anauliza maswali matatu, anakaa. Wakili mbovu anauliza kumi na moja, na hilo la kumi na moja ndilo linalomnyonga mteja.

Reli ya Kati
Dada, hizo ni za darasani. Huku kwetu mshtakiwa wa mauaji maskini anapangiwa wakili, wanakutana koridoni asubuhi ya kesi, "jina lako nani, uliua hukuua?", wanaingia. Mpwa wangu ilikuwa hivyo hivyo. Mkakati gani unaupanga pale koridoni?

Halafu anayemshauri jaji ni nani? Wazee wa baraza watatu: wawili wamesinzia, wa tatu anawaza posho. Na zamani kabla Kigoma hatujapata Mahakama Kuu yetu, majaji walikuwa wanatoka Tabora, na huko nako wazee wa baraza wapo. Wazee wa Tabora wakishashiba maembe unategemea wasikilize nini?

Mnyanyembe Halisi
Mwangaluka. Nilikuwa nasoma kimya lakini hapa sipiti.

Reli ya Kati, ongelea mpwa wako, waache wazee wa watu. Baba yangu ameitwa uzee wa baraza hapa Tabora mara nyingi kuliko wewe ulivyopanda treni. Kanzu inapigwa pasi usiku, saa moja na nusu yuko mahakamani. Posho unayoisema ilikuwa inachelewa mpaka mama anauliza kama ni kazi au ni adhabu. Umewahi kukaa siku tatu unasikiliza habari ya mtu aliyekatwa panga, ukarudi nyumbani ule ugali?

Reli ya Kati
Povu lote hilo la nini mtani? Nimesema wamesinzia, sijasema wamekufa.

Mnyanyembe Halisi
Utani una mipaka yake. Ngoja nikuelimishe. Kuna siku mshtakiwa alisema yale maelezo ya onyo aliyoandikishwa polisi hakuyatoa kwa hiari, kapigwa. Kesi kubwa ikasimama, ikaanza kesi ndani ya kesi, na wazee wakatolewa nje wasisikie. Siku mbili Mzee na mzee mwenzake na mama mmoja wa Ipuli wamekaa chini ya mwembe wanabangua karanga, ndani wanasheria wanapigana. Wanarudi, wanakuta ile karatasi ya maelezo haipo tena kwenye kesi. Hakuna aliyewaambia kwa nini.

Mwisho jaji akawauliza maoni. Wote watatu wakasema ana hatia. Jaji akamwachia, maana sheria haimfungi kufuata maoni yao. Kesho yake sokoni ndugu za marehemu wakamgeuzia Mzee mgongo, wakidhani yeye ndiye aliyemtoa. Muuza dagaa akakataa hela yake! Sasa huyo ndiye unayemwita msinziaji.

Karani Mstaafu
Hili la kutolewa nje nalithibitisha. Nilikuwa nawapelekea maji.

Mzee wa Kibirizi (mleta mada)
Sawa, nimewaelewa, lakini si mnaona hapo hapo kuna jibu la swali langu? Wakili yule alishinda kwa kuiondoa karatasi, siyo kwa kuonyesha kwamba mteja hakuua. Ni haki hiyo?

Mgebuka Mbichi
Na kesi ya Lulu, yule mwigizaji, je? Mwaka 2012 tulibishana umri wa binti kuliko kifo cha mwigizaji mwenzake Kanumba chenyewe. Mawakili wanasema mtoto, serikali inasema mtu mzima. Kesi imekuja kuisha Novemba 2017, kuua bila kukusudia, miaka miwili. Mimi mpaka leo nikiulizwa hoja kuu ilikuwa nini nasema cheti cha kuzaliwa.

Fundi Saa wa Mwanga
Wazee wa baraza wenyewe walishafutwa, mnagombania kaburi.

Binti Kasulu
Hawajafutwa. Marekebisho ya 2022 yameifanya iwe hiari: jaji anaweza kukaa nao au kukaa peke yake. Na yana sababu zake. Kesi nyingi za mauaji zilibatilishwa na Mahakama ya Rufani kwa sababu ya wazee hao hao. Mara wamemhoji shahidi kama mawakili wa upande wa pili wakati wanaruhusiwa kuuliza maswali ya kuelewa tu. Mara jaji hakuwafafanulia mambo ya msingi ya sheria kabla ya kuwaomba maoni. Mtu ana miaka saba gerezani, anaambiwa kesi ianze moja.

Kwa hiyo mleta mada, huo mlango wa uani unaousema haukujengwa na mawakili. Waliukuta wazi.

Mnyanyembe Halisi
"Kwa sababu ya wazee hao hao"? Jaji asahau kufafanua, lawama apewe mzee wa kanzu?

Binti Kasulu
Kaka, sijamlaumu baba yako. Nimeeleza utaratibu.

Mnyanyembe Halisi
Umeeleza utaratibu kwa sauti ya mtu aliyeanza sheria juzi.

Binti Kasulu
Nimeanza juzi kweli. Na juzi hiyo nimejifunza kutofautisha hoja na babu wa mtu.

Mnyanyembe Halisi
Ni BABA.

Reli ya Kati
Hahahaa, mimi nimewasha moto nimekaa pembeni nachoma migebuka. Karani, wewe uliyekuwepo ndani sema ukweli wa Mungu. Walikuwa wanasinzia au hawasinzii?

Karani Mstaafu
Siri za ofisi hazistaafu.

Fundi Saa wa Mwanga
Hilo ni jibu tosha 😂

Mzee wa Kibirizi (mleta mada)
Jamani. Zombe. Wakili. Haki au ujanja. Yule bwana anakuja tena kahawani leo jioni, niende na jibu gani?

Mgebuka Mbichi
Nenda na hela ya kahawa, inatosha.

Mnyanyembe Halisi
Nimempigia Mzee sasa hivi nimsomee matusi yenu. Kacheka mpaka kakohoa. Anasema alisinzia mara moja, mara moja tu katika maisha yake ya baraza. Mawakili wawili walikuwa wanabishana juu ya kielelezo, Kiingereza kitupu, saa nzima, jaji naye anawajibu kwa Kiingereza. Ilikuwa kabla ya sheria ya 2021 kuleta Kiswahili mahakamani. Anauliza, ninyi mngefanya nini?

Reli ya Kati
Kwa hiyo alisinzia.